Mkono Niliodhani ni wa Mwanangu

Somo: Luka 2:41-52

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari yangu ya sokoni, na wengine mmecheka hata machozi. Afadhali niieleze mwenyewe, maana kila kijiji inapopita inaongezewa chumvi. Juzi mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli nilirudi nyumbani na watoto watatu. Hapana, mzee wangu. Nilirudi na mmoja, na ni wangu.

Siku ile mama watoto alikuwa na homa, basi nikatumwa mimi soko la Katalyeba kununua maharagi, chumvi, sabuni na ndagala. Kitinda mimba wetu, binti wa miaka miwili na nusu, alilia mpaka nikakubali kwenda naye. Mama yake alisema neno moja tu kutoka kitandani: "Baba watoto, usimwachie mkono." Nikamjibu, "Mimi ninachunga kanisa zima, nitashindwa na kondoo mmoja?"

Mnajua fedha ilivyo ngumu. Tangu mwaka 2023, WFP walipotupanga kwa makundi na nyumba nyingi zikapunguziwa msaada ama kuondolewa kabisa, kila shilingi mia ina kazi yake. Kwa hiyo kwa mama wa maharagi nilisimama kubishana bei. Yeye alitaka 4,000 kwa kilo, mimi nilitaka 3,500. Nikamwachia mtoto mkono ili nitazame kama maharagi yametobolewa na wadudu. Tulipopatana nikalipa, nikanyosha mkono chini bila kutazama, nikashika mkono mdogo, nikaenda zangu.

Tulinunua ndagala. Tukanunua chumvi na sabuni. Njiani nikawa ninamfundisha wimbo wa shule ya Jumapili, naye alinyamaza kimya. Nikasema moyoni, kumbe mtoto huyu ana adabu, humsumbua mama yake tu. Mbele ya duka nikainama kumwuliza anataka biskwiti gani. Wapendwa, niliona mvulana! Kaptula nyekundu, pua inatiririka, na mkono wake wa pili umo ndani ya mfuko wangu wa ndagala, anatafuna. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la njano.

Kabla sijapata la kusema, mama mmoja alikuja mbio akipiga kelele, "Anaiba mtoto wangu!" Nyuma yake vijana wa boda boda. Mnajua jambo kama lile linavyoweza kuishia. Lakini Mungu ni mwema: mmoja wa vijana wale huimba katika kwaya yetu. Akasema kwa sauti, "Mwacheni, ni Pasta wetu! Hakuiba, amekosea mtoto tu!" Soko zima likacheka. Mimi sikucheka. Magoti yalikuwa yanatetemeka, maana kama huyu ni wa mama huyu, wangu yuko wapi?

Nilikimbia huku ninaita jina lake. Nikamkuta palepale kwa mama wa maharagi, amekaa juu ya gunia, amekwisha kuchanganya maharagi mekundu na meupe. Nikasema, "Asante Mungu, mtoto wangu alikuwa amepotea!" Yule mama akanitazama, akasema: "Hapana, Pasta. Huyu hakupotea. Amebaki pale ulipomwacha. Aliyepotea ni wewe."

Neno hilo lilininyima usingizi. Nikafungua Luka 2, nikaona mambo matatu.

Kwanza, kudhani si kujua. Yusufu na Mariamu hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa wametoka katika sikukuu ya Pasaka, pamoja na jamaa na majirani. Walidhani kijana yumo katika msafara, wakatembea mwendo wa siku nzima. Sisi wakimbizi tunaufahamu mwendo huo. Mwezi wa 7 mwaka 2012, vita ya M23 ilipofika Bunagana, tulivuka mpaka usiku katikati ya watu wengi. Mama watoto alidhani mzaliwa wetu wa kwanza yuko nami. Mimi nilidhani yuko na mama yake. Kumbe alikuwa ameshika kikwembe cha mama mwingine kilichofanana na cha mama yake. Alikuwa na miaka minne. Tulimpata baada ya usiku mbili, kule Nyakabande. Leo amenipita urefu, lakini usiku zile mbili sijazisahau.

Hapa niseme kwa upole. Wapo kati yetu ambao hawajawapata watoto wao mpaka leo. Wameandikisha majina Msalaba Mwekundu na bado wanangoja. Mtu asiwaambie kwamba walizembea. Hawakuachia mkono, vita iliwanyang'anya. Tuwaombee kwa majina, na tuwatembelee.

Lakini sisi ambao watoto wetu wako nyumbani, tuna udhuru gani? Jioni tunaulizana, "Kijana yuko wapi?" Tunajibu, "Yuko na wenzake." Wenzake gani? Bombani, au kwenye kibanda cha video? Binti wa miaka kumi na minne amepewa simu na nani? Tumeshika mkono, lakini hatujatazama uso. Mzazi, leo jioni inama utazame. Na yule mdogo mfundishe kutaja jina lake, jina lako na kijiji chenu.

Pili, Yesu hakupotea. Walipomkuta hekaluni kati ya walimu, yeye ndiye aliyeshangaa kwamba walimtafuta, maana alikuwa katika mambo ya Baba yake. Wao ndio waliokuwa wameacha njia. Ndivyo lilivyo hata kanisa. Tuna kwaya mbili, tuna kamati, tuna sare mpya, na tunadhani Bwana yumo katika msafara. Ukimbizini tunasema pia, "Mungu alibaki Kongo, hapa ametusahau." Ndugu yangu, hakupotea. Tena yeye mwenyewe alikimbizwa Misri akiwa mtoto. Anaijua njia ya mkimbizi. Jiulize kama si wewe uliyeondoka ukishika mkono mwingine: chuki, pombe, au bei ya maharagi.

Tatu, walirudi. Hawakukaa njiani wakilaumiana nani alipaswa kumtazama. Waligeuka wakarudi Yerusalemu, na baada ya siku tatu walimwona. Mlango wa kurudi uko wazi. Rudi pale ulipomwacha Bwana: kwenye sala ya asubuhi, kwenye ndugu uliyekataa kumsamehe. Utamkuta palepale.

Yule mama wa kijana wa kaptula nyekundu alinisamehe, nami nikamnunulia mtoto biskwiti. Nyumbani tulikula mchanganyiko wa maharagi kwa siku nne, na kila tukikaa mezani mama watoto ananiuliza, "Baba Pasta, umehesabu kondoo?"

Tuombe: Bwana, utufungue macho tuwaone wale uliotupa mkononi. Uwafariji wanaongoja. Utugeuze tulioenda mbali, uturudishe kwako. Amina.

Mungu awabariki nyote.