Jembe la Mgeni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga waliotuachia neno hili hawakusema kwamba mgeni afukuzwe, wala hawakumnyima wali na maji ya kunawa. Walichokisema ni kuwa kukirimiwa kuna kikomo, na baada ya kikomo hicho mtu huwa ama mtu wa nyumba ama mzigo wa nyumba. Swali ninaloliweka mbele ya msomaji ni hili: je, methali hii inamhusu pia yule azuruye pwani ili aitazame tu? Jicho nalo lina deni?

Atokaye Tanga mjini kuelekea kusini hupita kwenye mkonge na minazi, bahari ikichungulia upande wa kushoto. Atafika Tongoni, penye gofu la msikiti na makaburi ya kale zaidi ya 40. Kisha Kigombe, kisha Pangani, na ng'ambo ya mto, fukwe ndefu za Ushongo. Mahali pengine ni mchanga mweupe, pengine ni miamba mikali iliyoliwa na mawimbi. Miamba hiyo ni matumbawe yaliyokuwa hai zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, na kwa mawe ya matumbawe na chokaa ndivyo walivyojenga watu wa Tongoni. Hapo mgeni huona mandhari. Mwenyeji huona ghala, njia, na makaburi ya wazee wake.

Wapo watakaosema kuwa uzuri ni neema, na neema haidai malipo. Jua lichomozapo baharini halimwulizi mtazamaji amekuja na nini. Hoja hii ni nzito, nami ningeikubali lau Maziwe ingekuwapo bado kama ilivyokuwa.

Maziwe, iliyo baharini mkabala wa Ushongo, ilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kwa wingi kutaga mchangani. Mwaka 1975 sheria ilikitangaza kisiwa hicho kuwa hifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na mchanga usio na mizizi haukai. Leo Maziwe ni fungu: hujitokeza maji yakipwa, na bamvua likijaa huzama lote.

Wageni hupelekwa huko kwa mashua maji yakiwa yametoka. Huogelea juu ya matumbawe, hupiga picha, husema pamependeza, wala hawasemi uongo. Lakini kasa naye bado huja, na mayai yake yakiachwa pale maji huyaharibu. Kwa hiyo wapo watu wanaoyahamisha na kuyafukia upya katika ufuo wa bara. Mahali ni pamoja. Macho ni mengi, mikono ni michache. Na macho yalikuwapo hata zamani za mivinje, yasiokoe mvinje mmoja.

Mwenyeji asidhani kuwa methali inamsamehe. Baruti iliyopasua matumbawe ya mwambao huu kwa miaka mingi haikurushwa na watalii. Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mvuvi aliyekatazwa kutupa wavu Maziwe, naye akatii, amekwisha kulishika jembe lake: ameacha riziki iliyo karibu ili samaki wazaane na mgeni aone. Yule asiyeacha chochote ana haki gani ya kumhubiria aliyeacha? Hapa ndipo deni la jicho linapoonekana. Ninachokitazama kwa raha, mwenzangu amekilipia kwa njaa.

Sisemi kila azuruye apande mikoko. Majembe ni ya namna nyingi: ada inayofika kijijini, taka inayorudi na aliyeileta, samaki mchanga anayekataliwa sokoni. Na sisi watunga mashairi, ambao wino wetu haukauki kwa kuzisifu fukwe, jembe letu ni kukitaja kitu kama kilivyo. Anayeiimba Maziwe leo kama kisiwa cha mivinje anawasinzisha wasikilizaji, na aliyesinzia halimi.

Tena, mbele ya bahari, mwenyeji ni nani? Kasa alitangulia kuujua ufuo huu kabla haujapewa jina kwa lugha yoyote. Mzaliwa wa Pangani na aliyeshuka jana kwenye basi, wote ni wageni wake, na siku mbili zimekwisha kupita.