Je, Mti wa Porini Hauna Mwenyewe?

Majira ya mvua yakifika huku Sakania, watu huingia porini kutafuta viwavi, ambao Wabemba huwaita ifishimu. Ni chakula chema, na wengi hupata humo fedha ya kusomesha watoto. Lakini wako ambao, wakiona viwavi wamekaa juu sana katika mti wa mutondo, huuangusha mti mzima kwa shoka. Ukiwaonya, hujibu: «Mwalimu, mti wa porini hauna mwenyewe. Nimemwibia nani?»

Swali hilo lastahili jibu.

Nondo hutaga mayai juu ya majani. Viwavi wakianguliwa hula majani hayo, pengine mti hubaki mtupu, kisha hushuka na kujificha ardhini mpaka wageuke nondo. Mutondo ulioliwa huchipua tena. Uliokatwa hauwezi kulisha viwavi wa mwaka ujao kama awali. Basi mwenye shoka hakuchukua chakula tu, amevunja na meza.

Huko Kanada yuko nondo ambaye viwavi wake hula machipukizi ya miberoshi, na miberoshi ikiliwa miaka kadhaa mfululizo hufa. Mwaka 1952 watu wa New Brunswick walianza kunyunyiza dawa ya DDT kwa ndege. Mwaka 1954 sumu hiyo iliua samaki wachanga wengi katika mto Miramichi, nondo hawakwisha. Wale walimchukia kiwavi wakaua samaki. Sisi twampenda kiwavi twaua mti. Kosa ni moja: kutazama kitu kimoja na kusahau vyote vilivyofungamana nacho.

Labda utasema: «Njaa haingoji.» Ni kweli, wala simhukumu mama mwenye watoto wenye njaa. Kanisa lafundisha kwamba mhitaji kabisa aweza kutwaa kinachomwokoa. Lakini haja yake ni viwavi, si kuanguka kwa mti. Aweza kukata tawi, au kungoja washuke wenyewe.

Basi, umemwibia nani? Umemwibia mjane atakayekuja mwakani na kikapu chake, na mtoto ambaye hajazaliwa. Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Mti wa porini unaye mwenyewe, nasi tu watunzaji wake. Tutakapokwenda porini, shoka tuliache nyumbani.