Je, Mwenye Kuhesabu Miti Hana Lawama?

Mtu akiulizwa ni nani mwenye kosa pale mti usiostahili kukatwa unapokatwa, mara moja atamtaja mwenye shoka. Akifikiri zaidi, atamtaja aliyetoa amri na fedha. Lakini ni wachache watakaomkumbuka mtu wa tatu, ambaye alifika mahali pale kabla ya wote wawili, naye hakuwa na shoka wala amri, bali utepe wa kupimia, nyundo ndogo ya mbao na daftari. Mtu huyo ni mpima miti. Katika kazi yake hiyo, ambayo kwa macho ni ndogo, limo swali kubwa linalomhusu kila mwanadamu: Je, mtu ambaye kazi yake ni kuandika tu yale yaliyopo, ana dhamana yoyote kwa yale ambayo wengine watayatenda kwa kutegemea maandishi yake?

Ili tulijibu swali hili kwa haki, yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe, kisha tuzipime hoja zinazotolewa.

KAZI YENYEWE

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako kazi hii ina taratibu zilizoandikwa. Mjenzi anapokusudia kujenga nyumba katika kiwanja chenye miti, halmashauri humtaka kwa kawaida alete taarifa ya miti yote iliyopo. Taratibu za kuandaa taarifa hiyo zimo katika kanuni iitwayo BS 5837, na hapa tunafuata toleo lake la mwaka 2012.

Mpimaji huuendea mti mmoja mmoja. Huupa namba, huandika jina la aina yake, urefu wake, na upana wa matawi yake upande wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Hupima kipenyo cha shina katika kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini. Hugonga shina kwa nyundo na kusikiliza kama ni zima au lina uvungu. Hutazama kama kuna kuvu shinani, ufa katika panda, au matawi makavu juu. Mwisho wa yote huupa mti daraja. Daraja A ni mti bora, unaotazamiwa kuishi si chini ya miaka 40 zaidi. Daraja B ni mti mzuri wa miaka 20 au zaidi. Daraja C ni mti wa thamani ndogo, unaotazamiwa kuishi angalau miaka 10, au mche ambao shina lake halijafika milimita 150. Daraja U ni mti ambao hali yake ni mbaya hata hautazamiwi kudumu zaidi ya miaka 10. Katika ramani madaraja haya hutiwa rangi: kijani, buluu, kijivu na nyekundu iliyoiva.

Basi msanifu wa majengo, ambaye pengine hajakanyaga kiwanja kile, huzitazama rangi hizo mezani pake. Penye kijani hupindisha barabara. Penye kijivu hupitisha barabara. Hivyo herufi moja iliyoandikwa na mtu aliyesimama chini ya mti, penye mvua na matope, huwa ndiyo kauli ya mwisho ya mti ule. Mti hauna ulimi wa kujitetea. Shahidi wake ni daftari.

SENTIMITA KUMI

Huenda msomaji akadhani kwamba udanganyifu katika kazi kama hii ni lazima uwe mkubwa ili ulete madhara. Sivyo. Hebu tufanye hesabu ndogo.

Kanuni inasema kwamba kila mti uachiwe duara la ardhi isiyoguswa kwa ajili ya mizizi yake, na umbali kutoka shinani hadi ukingo wa duara hilo ni kipenyo cha shina mara 12. Mwaloni wenye shina la sentimita 100 hupata mita 12 kila upande, yaani eneo la mita za mraba 452 hivi. Sasa mpimaji, kwa kutaka kumpendeza aliyemlipa, auandike kuwa ni sentimita 90. Umbali unakuwa mita 10.8, na eneo linakuwa mita za mraba 366. Kwa sentimita kumi za uongo, mti umenyang'anywa mita za mraba 86 za ardhi, mahali panapotosha kusimamisha nyumba ndogo! Hapana shoka lililoinuliwa, wala jani lililoanguka. Ni tarakimu tu iliyobadilishwa.

Tena madhara yake hayaonekani siku ile. Watu wengi hudhani kwamba mizizi ya mti hushuka chini kama vile matawi yanavyopanda juu. Kwa hakika sehemu kubwa ya mizizi hukaa karibu na uso wa ardhi, katika mita moja hivi ya juu, nayo husambaa mbali. Magari mazito yakipita hapo, udongo hushindiliwa, na hewa na maji havipenyi tena. Mti huo hauanguki. Huweza kuchanua majira yanayofuata kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha, pengine baada ya miaka kadhaa, matawi ya juu huanza kukauka. Wakati huo mjenzi amekwisha kuuza nyumba na kwenda zake, mpimaji amekwisha kulipwa, na anayebaki na mti unaokufa juu ya paa lake ni baba wa watu aliyenunua nyumba ile kwa mkopo wa miaka mingi. Wahenga walisema kweli kwamba majuto ni mjukuu. Ila hapa mjukuu huyo huzaliwa katika nyumba ya mtu asiyekosa.

"MIMI NILIANDIKA TU"

Sasa tuzitazame hoja. Ya kwanza ni ya mpimaji mwenyewe. Husema: "Mimi sikukata. Mimi niliandika tu. Aliyeamua ni mwingine."

Hoja hii ina nusu ya ukweli, nayo ndiyo inayoifanya iwe ya hatari. Ni kweli kwamba mpimaji aliyeandika yote kama yalivyo, kisha halmashauri ikauona ukweli wote na bado ikaruhusu mti ukatwe, hana lawama. Yeye alitimiza ushahidi wake. Uamuzi ni wa waliopewa uamuzi. Lakini yule aliyepunguza au kuongeza, huyo ndiye aliyeamua hasa. Waliokuja baada yake walidhani wanachagua, kumbe walikwisha kuchaguliwa. Hakimu aliyeletewa ushahidi wa uongo hutoa hukumu mbaya kwa nia njema, na ubaya wa hukumu humrudia shahidi.

Kwa sababu hii kanuni yenyewe inataka miti ipimwe kabla ya ramani ya nyumba kuchorwa, au angalau pasipo kuitegemea ramani hiyo. Hekima ya jambo hili ni wazi. Anayejua mapema kwamba barabara inatakiwa kupita mahali fulani, jicho lake huanza kuona ugonjwa katika mti uliosimama mahali pale. Wala pengine hakukusudia kudanganya. Moyo wa mwanadamu huona kwa urahisi yale yanayomfaa.

Tena kanuni inamtaka mpimaji, pale asipoweza kulifikia shina kwa sababu ya miiba au uzio wa jirani, aonyeshe wazi katika taarifa yake kwamba kipimo hicho amekikadiria. Ni neno dogo, lakini lina adabu kubwa. Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kutofautisha, katika maneno yao ya kila siku, kati ya waliyoyapima na waliyoyakadiria?

Huenda mtu akasema, "Lakini mpimaji hulipwa na mjenzi, je, si haki amtumikie anayemlipa?" Jibu ni kwamba mjenzi amenunua kazi yake, hakununua jibu. Mgonjwa humlipa daktari, lakini malipo yale hayampi haki ya kuambiwa kwamba ni mzima. Karani wa mizani hulipwa na mnunuzi wa kahawa, lakini kilo ya mkulima haipungui kwa ajili ya mshahara wa karani.

"BINADAMU KWANZA"

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo haifai kudharauliwa. Yasemwa: "Watu hawana nyumba. Familia hukaa katika chumba kimoja, vijana hawawezi kuoa kwa kukosa pa kukaa, nanyi mnalilia miti!" Huko Uingereza upungufu wa nyumba ni mkubwa hata serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 iliahidi nyumba milioni 1.5 katika muda wa Bunge lake.

Sisi hatusemi kwamba mti ni sawa na mtoto asiye na paa. Panapokuwa hapana njia nyingine kabisa, mti upishe. Lakini tuangalie vizuri: je, mpimaji mwaminifu anazuia nyumba? La hasha! Yeye husema tu ni wapi kuna nini. Mara nyingi nyumba zile zile zaweza kujengwa kwa kusogeza ukuta mita chache. Anayesema "binadamu kwanza" ili auficha ukweli, mara nyingi hakumaanisha binadamu. Alimaanisha gharama ya kusogeza ukuta. Tena watu wenyewe watakaokaa pale ndio watakaohitaji kivuli wakati wa joto, na udongo unaonywa maji ya mvua. Mti mkubwa ni sehemu ya nyumba yao, ingawa hauonekani katika bei.

Lakini mizani hii ina pande mbili. Yupo mpimaji apendaye miti kupita kiasi, au aliyelipwa na majirani wasiotaka nyumba za maskini karibu nao. Huyu huandika A juu ya mti wenye uvungu, ili kuzuia ujenzi. Naye ni mwongo kama yule wa kwanza. Upepo ukiangusha tawi lile juu ya watoto wanaocheza, mapenzi yake kwa miti hayatamtetea. Ukweli haukuumbwa uwe upande wa miti au upande wa nyumba.

"TUTAPANDA MINGINE"

Hoja ya tatu husema kwamba hasara hulipika: ukikatwa mwaloni mmoja, ipandwe miche hamsini. Kupanda ni jambo jema, na tangu Februari 2024 sheria katika England imewataka wenye miradi mikubwa ya ujenzi waongeze thamani ya makao ya viumbe kwa asilimia 10 na kuitunza kwa miaka 30.

Hata hivyo miche hamsini si mwaloni mmoja. Mwaloni wa miaka mia tatu una uvungu wanamolala popo na bundi, una mbao kuukuu zenye dudu na kuvu wasioweza kuishi katika mche. Vitu hivyo havinunuliwi. Vimetengenezwa na wakati. Ndiyo maana sera ya taifa ya mipango huko England, tangu mwaka 2018, imesema kwamba miti mikongwe isipotezwe ila kwa sababu za pekee kabisa. Mwenye deni anayesema "nitalipa" humfariji anayemdai. Lakini anayelipa kwa miaka mia tatu ijayo anaahidi kitu ambacho hatakuwepo kukitimiza.

MFANO WA SHEFFIELD

Kwamba haya si maneno matupu, ushahidi upo. Katika mji wa Sheffield, Baraza la Mji lilifanya mkataba wa kutengeneza barabara mwaka 2012, na maelfu ya miti ya kando ya barabara yakakatwa, mengi yakiwa mazima. Lilipoundwa jopo la kutoa ushauri juu ya miti, mara nyingi Baraza lilipuuza ushauri wake. Novemba 2016 wananchi wa mtaa mmoja waliamshwa kabla ya alfajiri, na miti yao ikakatwa. Wazee walikamatwa kwa kusimama chini ya miti. Ukataji ulisimamishwa mwaka 2018. Uchunguzi ulioongozwa na Mark Lowcock, uliotolewa Machi 2023, ulieleza kwamba Baraza liliupotosha umma, na hata mahakama.

Basi tazama kilichopotea. Barabara zilitengenezwa, na miche ilipandwa. Lakini wananchi waliacha kuamini taarifa ya Baraza lao, na imani hiyo, kama mwaloni, huota polepole sana.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, wengi wetu hatutapima miti maishani. Lakini kila mmoja wetu ni mwenye kuhesabu. Mwalimu huandika alama, muuguzi huandika joto la mgonjwa, karani huandika tarehe, na jirani huulizwa habari za jirani yake. Kila mara yupo mtu asiyeweza kusema, ambaye mambo yake yatakatwa kwa neno letu. Kusema "mimi niliandika tu" hakututoi katika dhamana. Maana kuandika ni kutenda.

Mpimaji mwaminifu husimama peke yake chini ya mti, na hakuna anayemtazama. Angeweza kuandika 90, na pengine asijulikane kamwe. Yeye huuzungusha utepe mara ya pili, akasoma 100, akaandika 100. Mwenyezi Mungu atujalie tuwe miongoni mwa wale wanaoandika kama walivyosoma.