Leza ya Macho na Mizani ya Amana

Mtu wa Diani au Msambweni ambaye macho yake hayaoni mbali amezoea jibu moja: miwani. Anapimwa, anaandikiwa namba, anavaa, anaona. Siku hizi kuna jibu la pili. Akiwa na pesa, na pesa zenyewe huhesabiwa kwa laki, anaweza kwenda Nairobi akachongwa macho kwa leza na kurudi Kwale bila kitu puani. Katika kaunti ambayo Waislamu ni wengi, swali linalofuata linajulikana: je, inafaa? Wengi wanaouliza hivyo hutarajia neno moja, halali au haramu, na wakishapewa hufunga mjadala. Neno hilo, hata likiwa sahihi, halitoshi. Leza ya macho inaruhusiwa, na sababu zake zinaelezeka, lakini ruhusa haijamwambia mtu kama afanye au asifanye. Kitakachoamua ni kwamba jicho ni amana, na mwekewa amana huulizwa mambo ambayo mwenye mali yake haulizwi.

Kwanza tujue kinachofanyika. Mbele ya mboni kuna konea, utando angavu wenye unene wa karibu nusu milimita, na huo ndio unaopinda sehemu kubwa ya mwanga unaoingia jichoni. Asiyeona mbali kwa kawaida jicho lake ni refu kupita kiasi au konea yake imepinda mno, hivyo picha huangukia kabla ya kufika kwenye retina. Katika upasuaji uitwao LASIK, daktari hutia ganzi ya matone, hukata kifuniko chembamba juu ya konea na kukifunua, kisha leza ya mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, huondoa nyama ya konea iliyo chini yake mpaka umbo libadilike. Kifuniko hurudishwa mahali pake. Kwa kila diopta moja ya miwani huondolewa mikromita kama 12 hadi 15. Mwenye namba sita, basi, hutoka amepungukiwa na mikromita kati ya 70 na 90 katika konea ya mikromita 540 hivi. Njia iliyotangulia, PRK, haikati kifuniko. Huondoa ngozi ya juu ya konea, ambayo huota tena baada ya siku chache. Nyama iliyo chini ya ngozi hiyo haioti tena. Wala leza haizuii uzee: akivuka miaka 40, aliyechongwa naye atatafuta miwani ya kusomea kama wenzake.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba huku ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Pingamizi hili lina mzizi wake na halifai kudharauliwa. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, Shetani anaapa kuwaamrisha watu wayageuze maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu, na katika hadithi iliyopokewa na Ibn Mas'ud wamelaaniwa wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo. Lakini tuangalie maneno hayo yanagusa nini. Aya yenyewe inataja kukatwa masikio ya wanyama, desturi ya kipagani iliyowatenga mifugo kwa masanamu. Hadithi inataja urembo kuwa ndio sababu. Upande wa pili kuna habari ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani zama za ujahili. Alitengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume akamwamuru avae ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kilichoharibika kilitafutiwa dawa, hata kwa kitu ambacho pasipo sababu kingekatazwa. Jicho lisiloona mbali lina kasoro. Kulirekebisha ni tiba. Na kama kugusa jicho kwa kisu kungekuwa kosa kwa nafsi yake, tungelazimika kuwashutumu pia wazee wanaotolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho. Kazi hiyo inafanyika hapa hapa Kwale, katika kituo cha macho kilichoanzishwa 1993, na hakuna mwenye akili timamu anayeihesabu dhambi.

Basi ruhusa ipo. Ila mfano wa mtoto wa jicho unatufundisha jambo la pili, ambalo wanaoshabikia leza hulipita haraka. Mzee mwenye mtoto wa jicho hana cha kupoteza kinacholingana na anachotarajia kupata: jicho limekwisha kufunga, na hakuna miwani itakayolifungua. Anayekwenda kuchongwa konea ana jicho zima. Akivaa miwani anaona vizuri, na miwani ikimchosha ataivua. Anachofanya ni kuchukua kiungo kinachofanya kazi na kukitia katika hatari, hata kama ni ndogo, ili aepuke usumbufu. Mijikenda wa pwani hii wana hekima ya namna hiyo katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio kando ya Diani, ambao pamoja na kaya nyingine uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Jani la dawa huchumwa humo kwa idhini ya wazee, na jani huchipua. Kuukata mti ni jambo jingine kabisa. Kwa mtazamo huo, swali si tu kama msitu umeguswa, bali kama kilichoondolewa kitarudi au hakitarudi. Sharia nayo inatufikisha hapo kwa njia yake: kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, na ile ya wanazuoni kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa. Kadiri jambo lisivyorudishika, ndivyo sababu ya kulitenda inavyotakiwa kuwa nzito.

Hapa atasimama mtu na takwimu mkononi. Atasema hatari unayoizungumzia ni ndogo mno, na kwa sehemu kubwa atakuwa mkweli. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, ambayo iliidhinisha leza ya konea kuanzia 1995, ilishiriki katika uchunguzi uliowauliza waliopasuliwa wenyewe wanaonaje, na matokeo yakachapishwa 2017. Zaidi ya asilimia 95 walisema wameridhika na uwezo wao wa kuona. Wasioweza kufanya shughuli zao za kawaida, au waliozifanya kwa shida kubwa kwa sababu ya wanayoyaona, walikuwa chini ya asilimia moja. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba kati ya watu ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na tatizo lolote la mwanga, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau dalili moja mpya miezi mitatu baadaye: taa kuzungukwa na duara, mwale kutawanyika, kitu kimoja kuonekana viwili. Na hadi asilimia 28 ya wale ambao hawakuwa na macho makavu walianza kuyalalamikia.

Takwimu hizi hazipingani. Zinazungumza na watu tofauti. Mfanyakazi wa ofisi anayelala saa nne anaweza kuona duara kwenye taa ya barabarani akacheka. Mwendesha boda anayerudi Ukunda usiku kwa barabara ya Likoni–Lunga Lunga hana nafasi hiyo. Lori linalotoka mpakani linamjia na taa kamili, pembeni kuna watu wanaotembea bila kiakisi mwanga, na yeye ana sekunde moja ya kupambanua mwanga wa lori na kivuli cha mtu. Dalili ambayo daktari ataiandika kuwa ndogo, kwake inagusa roho yake na ya abiria wake. Asilimia huhesabu umati. Mwenye macho ana mawili tu, na kazi anayoyatumia ni yake peke yake. Kwa hivyo anayesema «wengi wanafaulu» amejibu swali la kliniki, bado hajajibu swali la mwenye amana: mimi, kwa riziki yangu, nikiangukia upande wa wachache, nitabeba nini, na nani atabeba pamoja nami?

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wasioona aibu kusema kwamba wamechoka na miwani usoni. Wanauliza: Mtume hakusema kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri? Alisema, na hadithi ni sahihi. Tukumbuke tu aliulizwa nini. Mtu alitaja kupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, akaogopa isije ikawa ni kiburi. Nguo huvuliwa, viatu hubadilishwa. Kutoka hapo hadi kuichonga konea ni hatua ndefu ambayo hadithi haijaipiga. Tena aibu ya miwani haikuzaliwa na jicho, imezaliwa na midomo ya watu: mtoto anayeitwa «macho manne» darasani, msichana anayeambiwa avue miwani kabla wageni wa posa hawajaingia. Kumpeleka aliyechekwa kwenye leza ili wachekaji wanyamaze ni kumtoza yeye faini ya kosa lao. Uzuri una haki yake, ila hauna uzito wa kutosha kusimama peke yake mbele ya kitu kisichorudi.

Ila si kila mtu anayekataa miwani anatafuta uzuri, na hapa hoja yangu inapaswa kuwa ya haki. Mgema anayekwea mnazi jasho likimtiririka, miwani ikiteleza puani na mikono yote miwili imeshika shina, ana shida ya kweli. Mvuvi wa Gazi au Vanga anayepigwa na chumvi kwenye vioo mpaka haoni wimbi linalofuata, ana shida. Mwalimu wa kuzamia au wa kaiti pale Diani vilevile. Wapo watakaosema kuna lenzi za kubandika, na kweli zipo, lakini lenzi na maji havipatani: vijidudu vya majini hujificha chini yake na vinaweza kuila konea. Wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, walizipanga hali za binadamu katika daraja tatu, dharura, haja na mapambo. Mvuvi huyu hayumo katika dharura, kwa kuwa maisha yake hayatakatika. Wala hayumo katika mapambo. Ana haja, na haja ina uzito wake katika sheria. Leza hiyo hiyo moja inaweza kuwa pambo kwa mmoja na haja kwa jirani yake, ndiyo maana fatwa moja haiwatoshi wote wawili.

Wapo pia wanaokimbilia tawakuli, na wanakimbia pande mbili. Mmoja anasema: Mungu ndiye aliyenipa jicho hili, nitasubiri, kwani aliyepotelewa na macho akasubiri ameahidiwa Pepo. Ahadi hiyo ni kweli, lakini Mtume huyo huyo alipoendewa na kipofu aliyeomba dua, alimpa hiari ya kusubiri au kuombewa, na kipofu akachagua kuombewa; hakulaumiwa. Subira ni fadhila, haikufanywa pingu. Mwingine anasema: nimeshamwachia Mungu, niingizeni chumba cha upasuaji. Huyu amesahau agizo la Mtume: mfunge ngamia kwanza, ndipo umtegemee Mungu. Konea inatakiwa kupimwa unene na ramani ya umbo lake, kwa sababu kuna ugonjwa unaoifanya iwe dhaifu na kuchongoka mbele, na kuipunguza konea ya namna hiyo ni kuharakisha maafa. Anayefikicha macho kila siku kwa sababu ya mzio, jambo la kawaida kwa watoto na vijana, yumo katika wanaopaswa kuchunguzwa kwa makini zaidi. Ambaye namba yake ya miwani bado inapanda mwaka hadi mwaka hapaswi hata kuanza safari. Kumtegemea Mungu huja baada ya vipimo hivi, na daktari anayemwambia mteja «wewe hufai, rudi na miwani yako» ameilinda amana kuliko mteja mwenyewe.

Linabaki suala la pesa, ambalo wengi huliona la binafsi. Pesa ni zangu, atasema mtu, na jicho ni langu. Lakini mali nayo ni amana, na ina mpangilio wa nani aanze. Pesa kidogo tu zikimfikia mwenye haja hufanya mengi: wachuma chai wa Assam, India, waliopewa miwani ya kuonea karibu katika utafiti uliochapishwa 2018, tija yao iliongezeka kuliko ya wasiopewa kwa karibu asilimia 22. Bangladesh, katika utafiti wa 2024, kipato cha waliopewa miwani ya kusomea kilizidi kwa theluthi. Hiyo ni miwani ya bei ndogo kabisa, si leza. Simaanishi kwamba kila mwenye laki lazima aigawe kabla ya kujitibu. Dini haikumbebesha mtu mzigo huo. Namaanisha kwamba katika nyumba ambamo mama anapapasa ukuta kwa mtoto wa jicho na baba ameacha kusoma msahafu kwa kukosa miwani, laki ya kijana wao haijafikia zamu ya leza. Haja ya mzazi hutangulia pambo la mwana.

Anayetaka kuchongwa macho, basi, na apewe jibu la halali mapema ili mjadala wenyewe uanze. Ajiulize miwani inamnyima nini ambacho kazi yake haiwezi kukosa. Ajiulize akitokea katika wale wachache, riziki yake itasimama. Aangalie kama nyumbani kwake kuna jicho linalohitaji pesa hizo zaidi. Akijibu matatu hayo kwa uaminifu na bado sababu ina uzito, aende bila wasiwasi, kwani tiba ni sunna. Sababu ikiwa nyepesi, abaki na miwani yake, maana kitakachoondolewa kwenye konea leo hakitapatikana tena kesho hata akijuta.