Kujenga Pasipo Ramani

Fundi anayeanza kazi bila kujua itakavyokwisha huwapa wanafalsafa tabu. Aristotle alifundisha kwamba nyumba huwapo kwanza akilini mwa mjenzi, ndipo ipate mawe na mbao. Katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino aliichukua hoja hiyo akaipandisha mbinguni: Mungu anavijua viumbe kama fundi anavyoijua kazi yake, na kujua huko ndiko kunakovifanya viwepo. Kwa hesabu hiyo, anayejaribu na kukosea bado hajawa muumbaji.

Justo Gallego hakufanana na fundi huyo hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1925 huko Mejorada del Campo, karibu na Madrid, akaingia monasteri ya Watrapisti, kisha kifua kikuu kikamtoa. Tarehe 12 Oktoba 1961, sikukuu ya Bikira Maria wa Nguzo, alianza kujenga kanisa kubwa kwenye shamba la urithi wake. Hakusomea usanifu wala uashi, hakuwa na ramani wala kibali. Matofali mengi yalikuwa yale yaliyopinda, ambayo viwanda viliyakataa. Nguzo alizimimina kwa zege ndani ya mapipa ya mafuta yaliyotupwa. Umbo la jengo lilibadilika kadiri vifaa vilivyopatikana na mawazo yalivyomjia. Aliendelea kwa takriban miaka 60, akisaidiwa na ndugu na watu wa kujitolea, mpaka kuba refu la vyuma likasimama.

Kukosa karatasi si lazima kuwe kukosa ramani. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, huunda chombo kwa macho bila mchoro wowote, lakini wanachounda kilishajaribiwa na vizazi vilivyowatangulia. Gallego hakurithi mkondo wa namna hiyo. Alisoma vitabu vya makanisa na makasri. Mengine ilibidi ayajue kwa kuyafanya.

Mwanafalsafa David Hume aliuona mwanya katika mfano huo wa Mungu kama fundi. Katika kitabu chake cha mazungumzo juu ya dini, kilichochapishwa mwaka 1779 baada ya kifo chake, mmoja wa wasemaji anamtaja fundi wa merikebu: ukiistaajabia merikebu utamdhania fundi wake kuwa na akili ya ajabu, kumbe anaiga ufundi uliosahihishwa polepole kwa makosa ya karne nyingi. Nani basi ajuaye kama dunia nyingi hazikuharibiwa kabla ya hii kupatikana? Ilikuwa dhihaka, na ilichoma.

Baadhi ya waumini watajibu kwamba Mungu ndiye aliyeuongoza mkono wa Gallego. Jibu hilo ni rahisi mno, maana litalazimika kueleza pia matofali yaliyopinda. Lililo bora ni kukubali kwamba mfano wa fundi una mpaka. Biblia na Kurani zote zinamsimulia Mungu anayeamuru na jambo likawa. Binadamu hana amri ya namna hiyo. Kwake kujua na kufanya huja pamoja, na mara nyingi kufanya hutangulia. Mwanafalsafa Mwingereza R. G. Collingwood, mwaka 1938, alitetea jambo linalokaribia hili: msanii, tofauti na fundi, hajui anachotaka kusema mpaka awe amekisema. Kujaribu, basi, ndiyo njia ya kujua aliyopewa kiumbe, wala hakupaswi kuhesabiwa kuwa uumbaji uliopungua.

Hata hivyo hoja ya Collingwood hukaa vizuri zaidi juu ya shairi kuliko juu ya kuba. Shairi likiharibika halimwangukii mtu. Anayejifunza ujenzi kwa kujenga mahali pa watu kukusanyika huwatia wengine katika jaribio lake, na imani yake haiwezi kuwa ridhaa yao. Kabla ya kufariki Novemba 2021, akiwa na miaka 96, Gallego alilikabidhi jengo, likiwa halijakamilika, kwa shirika la hisani la Mensajeros de la Paz. Halikuwa limetabarukiwa kuwa kanisa. Wahandisi walipolikagua hawakuona kasoro kubwa katika muundo wake, na hesabu ambazo kwa kawaida hutangulia msingi zikaanza kufanywa juu ya kuta zilizokwisha kusimama.