Majani Yafukiwayo Matutani

Wakulima wa Mpui, kama wenzao wa uwanda wote wa Ufipa, wana desturi ya kale iliyo fundisho kwetu. Wakati wa mvua, majani yakiisha kurefuka, hawayachomi wala hawayatupi. Huyakusanya na kuyafukia kwa udongo uliogeuzwa, hata shamba likawa matuta ya mviringo, waitayo ntumba. Juu yake hupandwa maharage, na chini majani huoza polepole. Mvua za msimu ufuatao zinapoanza, matuta huvunjwa, udongo hutandazwa, na ulezi humwagwa. Majani yale yaliyoshindana na mmea sasa ni chakula chake.

Ndugu wapenzi, roho ya mtu ni shamba, na tamaa ndiyo majani yake. Haja ina kipimo: mwenye njaa akila hushiba. Tamaa haina kipimo. Mwenye nyumba ya nyasi hutaka bati, na si kosa. Lakini akiisha kuipata, huanza kuitazama nyumba ya jirani. Baba huuza mavuno yote asije akaonekana mdogo mbele ya wenzake. Miezi ya njaa ikifika, ghala ni tupu, na mama hana la kutia chunguni. Hapo tamaa ya mmoja imekula chakula cha watoto.

Tufanyeje basi? Wako wanaojaribu kuiua tamaa kwa nguvu zao wenyewe. Hao ni kama mwenye kuchoma majani juu juu: mvua ya kwanza ikinyesha, yamechipua tena, kwani mizizi i hai. Bwana wetu alituonyesha njia nyingine katika bustani ya Getsemane. Hakuficha alilolitaka; alimwambia Baba yake waziwazi, kisha akayatanguliza mapenzi ya Baba. Ndiko kujiachilia: kuitia haja yetu mikononi mwa Mungu, ili yeye aigeuze kuwa rutuba.

Mtu asidhani kwamba huo ni uvivu. Mwenye kufukia hutoka jasho kuliko mwenye kuchoma. Wala si kunyamaza mbele ya dhuluma. Aliyepunjwa bei ya mazao yake ana haki ya kuidai. Ila asikubali chuki iwe bwana wake.

Kaskazini-magharibi ya Ufipa, kando ya Ziwa Tanganyika, iko Karema, ambako Mapadri Weupe walifika mwaka 1885. Huko alikuja Adrian Atiman mwaka 1889. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani ng’ambo ya jangwa la Sahara. Mapadri walimkomboa huko Algeria, naye baadaye akasomea udaktari Malta. Mtu aliyenyang’anywa wazazi na nchi yake angaliweza kuutumia ujuzi huo kujitafutia mali na makuu. Yeye aliutoa kwa wagonjwa wa Karema, akiwa daktari na katekista, hata alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Aliyeibiwa kwao aliwafanya watu wa nchi ngeni kuwa jamaa zake, na mwanawe Yosefu akawa padri. Mikono iliyofungwa utumwani ndiyo iliyofunga vidonda vya wengine.

Basi, wapenzi wasomaji, jioni hii, familia ikiisha kusali, kila mmoja aitafute moyoni haja ile imnyimayo usingizi: shamba, cheo, mtoto asiyepatikana, au heshima aliyonyimwa. Aitaje jina lake mbele ya Mungu, bila aibu, kisha aseme: Baba, nimekupa; ukinipa, nashukuru; usiponipa, wewe wanitosha. Kesho yake akaamke aende kazini kama kawaida.

Wala asishangae ikiwa kesho haja hiyo ingali inamchoma. Aifukie tena. Hakuna Mfipa avunaye ulezi siku ile ile alipofukia majani.