Kabla ya Tangazo la Tatu

Somo: 2 Samweli 13:1–22



Katika Kanisa letu ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Mchungaji husoma jina la kijana na jina la binti, kisha huuliza kama yupo mtu ajuaye kizuizi cha haki cha kuwazuia wasioane. Watu hutulia kidogo, kisha ibada huendelea. Lakini mara nyingine, katika utulivu ule, wamo watu wanne au watano walio na neno moyoni: wanajua ya kuwa kijana yule humpiga binti yule, tena si mara moja. Hawasemi, kwa sababu hudhani kipigo si kizuizi, na mambo ya wachumba ni ya wachumba wenyewe.

Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa mwanga wa Neno la Mungu.

Habari za Tamari hazisomwi mara nyingi kanisani, maana ni habari za aibu katika nyumba ya mfalme. Amnoni, mwana wa Daudi, alimpenda Tamari, dada yake kwa baba, hata akaugua. Rafiki yake Yonadabu akamfundisha hila: ajifanye mgonjwa, ili binti atumwe kumpikia. Tamari akaja, akakanda unga, akamwandalia mikate. Aliposhikwa alikataa. Alisema kwa busara, akamwonyesha aibu itakayowapata wote wawili, akamshauri azungumze na mfalme. Amnoni hakusikia, akamshinda kwa nguvu. Mara ile ile upendo wake ukageuka kuwa chuki, na chuki ile ikauzidi upendo wa kwanza. Akaamuru binti atolewe nje na mlango ufungwe.

Je, ndugu, huo ulikuwa upendo gani? Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya upendo, alitanguliza uvumilivu na fadhili. Basi upendo hujulikana siku unapokataliwa. Mwenye kupenda akiambiwa hapana, huhuzunika, akaenda zake. Mwenye kutaka kutawala akiambiwa hapana, hukasirika, akanyosha mkono.

Sisi tuliokaa miaka mingi na vijana katika chuo cha ualimu tumeiona njia hii hatua kwa hatua. Haianzi kwa ngumi. Kwanza kijana humchagulia binti nguo za kuvaa, naye binti hufurahi, akidhani ndiko kupendwa. Kisha humkataza kuzungumza na wenzake. Siku hizi huichukua na simu yake, akaipekua, akataka kujua kila aliyempigia. Kisha huja kofi moja. Baada ya kofi huja machozi, na doti ya khanga, na ahadi kwamba halitarudi tena. Baada ya ahadi huja kofi la pili. Dalili ya mvua ni mawingu. Wapo pia wavulana wanaotukanwa, kutishwa na hata kupigwa na wachumba wao, nao huona haya kusema. Maneno haya ni yao pia.

Vijana hawa wamejifunza wapi? Wengi wamejifunza nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015–16 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49. Katika kila 100, wanawake 40 walikuwa wamewahi kupigwa au kutendewa ukatili wa mwili tangu walipofika umri wa miaka 15. Lakini jibu jingine latuhuzunisha zaidi. Katika kila wanawake 100, 58 walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kumwambia. Wanaume waliokubali walikuwa 40 katika kila 100. Maana yake ni kwamba binti huenda kwenye uchumba akiwa amekwisha kufundishwa kupigwa. Akipigwa haulizi, "Kwa nini mtu huyu amenipiga?" Huuliza, "Nimekosa nini?"

Tena sheria ya nchi yetu imesema wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila zinasema vingine. Basi, ikiwa mume aliyefunga ndoa mbele ya mashahidi hana haki hiyo, mchumba ameipata wapi?

Turudi kwa Tamari. Alijeruhiwa mara mbili. Jeraha la kwanza alilitia Amnoni, na la pili walilitia jamaa zake. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze, asilitie jambo lile moyoni, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Mfalme Daudi alisikia yote, akakasirika sana, wala hatusomi ya kuwa alimwadhibu mwanawe. Tamari akakaa katika ukiwa nyumbani mwa Absalomu. Baada ya miaka miwili Absalomu alifanya Amnoni auawe, na baadaye vita vikaingia kati ya baba na mwana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno hili "nyamaza" lipo na katika nchi yetu. Mwezi wa Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai. Alikuwa amemkataa mwanafunzi mwenzake wa kiume, na kwa ajili hiyo akasumbuliwa na kufedheheshwa na kikundi cha wanafunzi kilichoitwa Punch, kilichozoea kubandika ukutani maandishi na michoro ya kuwaaibisha watu, hasa wanawake. Kukataa kwake hakukuwa kosa, lakini alitendewa kama mkosaji. Ndugu, maandishi ya ukutani huhitaji wasomaji. Anayesimama kusoma na kucheka, naye ameshika kalamu. Na wewe msomaji ambaye moyo wako umelemewa hata huoni njia, usilale na mzigo huo peke yako. Mwendee mtu unayemwamini leo hii.

Hapa kwetu Nzega neno "nyamaza" mara nyingi lina pembe na mkia, maana ni ng'ombe. Mahari imekwisha kufika zizini, pengine nusu yake imekwisha kutoka kwa ajili ya kaka anayeoa. Binti akirudi nyumbani jicho limevimba, baba huhesabu mifugo, na shangazi humwambia avumilie, ndivyo wanaume walivyo. Wazee wetu, tusikilizane. Sheria ile ile ya 1971 yasema ndoa ni halali hata kama mahari haikutolewa, na zawadi zilizotolewa kwa sharti la kuoana zaweza kudaiwa mahakamani ikiwa ndoa haikufungwa. Basi ng'ombe wana njia ya kurudi. Jicho likitoboka halina njia ya kurudi.

Wapagazi wa Unyamwezi wa zamani walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, na wengine zaidi. Mtu wa safari ya namna hiyo huupima mzigo kambini, hangoji afike katikati ya pori. Uchumba ndiyo kambi yenyewe. Kuvunja uchumba kwaleta maneno mtaani kwa mwezi mmoja au miwili. Kuingia ndoa ya ngumi kwaweza kuleta msiba.

Sasa tufanye nini?

Wewe binti, usidanganyike kwamba ndoa itamtuliza. Pete haibadilishi mkono. Ukiambiwa kwamba Mkristo husamehe, jibu kwamba ni kweli, kisha kumbuka: kusamehe ni amri ya Bwana, kuolewa na aliyekupiga si amri. Ukiumizwa, nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3 na kutibiwa. Penye jeraha kubwa, hospitali kwanza. Aliye mtoto bado aweza kupiga simu namba 116 bila malipo.

Wewe kijana, ikiwa mkono wako umekwisha kuinuka, usinunue khanga. Ungama kwa Mungu na kwa wazee, ahirisha harusi, ukubali kufundishwa na kuangaliwa. Wala usiwe Yonadabu kwa rafiki yako, ukimshauri amtie binti adabu.

Nanyi mnaojua, msingoje kusimama kanisani wakati wa tangazo. Swali lile lahusu vizuizi vya sheria, kama undugu au ndoa nyingine, na kumtaja binti mbele ya watu kwaweza kumletea kipigo kingine. Zungumzeni naye kwanza, faraghani, mjue anataka nini na yu salama wapi. Kisha nendeni pamoja kwa Mchungaji.

Twaomba pia wachungaji, wazee wa Kanisa na viongozi wa Umoja wa Akina Mama, wakati wa mafundisho ya ndoa, wakutane na kila mmoja wa wachumba peke yake, binti azungumze na mama anayemwamini. Maswali mawili yatosha kufungua mlango: Je, mwenzako amewahi kukupiga? Je, unamwogopa? Kisha anyamaze anayeuliza, asikilize. Na yaulizwe mapema, kabla ya tangazo la tatu, kabla kadi hazijagawanywa na mpunga wa karamu haujakobolewa, maana baada ya hapo kila mtu huona ni vigumu kurudi.

Bwana Yesu, aliyewasimamia wanyonge mbele ya watu waliotaka kuwapiga mawe, atupe masikio ya kusikia, na vinywa vya kusema kwa wakati wake. Amina.